Kiyoyozi cha jengo la biashara Miritini: anza na jengo, mashine baadaye

Tangu treni ya SGR ianze safari zake tarehe 31 Mei 2017 na stesheni yake kuu ya Mombasa kuwekwa Miritini, wadi hii ya eneo bunge la Jomvu imezidi kuvutia wenye kujenga. Kando ya maghala na yadi za makontena tulizozizoea, sasa kuna majumba ya ghorofa mbili tatu: chini maduka, duka la dawa na M-Pesa, juu ofisi za mawakala wa forodha, kampuni za malori na vyuo vidogo. Karibu kila mpangaji wa majumba haya anataka kiyoyozi. Na mara nyingi kinanunuliwa kwa njia moja: fundi anaitwa, anachungulia chumba, anasema "hapa weka ya elfu kumi na nane", na jioni ukuta umetobolewa.

Makala haya ni ya mwenye jumba na mpangaji wanaotaka kujua la kuuliza kabla ya kulipa. La kushika ni moja. Huku Pwani kiyoyozi kina kazi mbili: kuondoa joto na kuondoa maji yaliyomo hewani. Hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoharibu pesa za watu.

Hewa yetu imebeba maji

Kiyoyozi cha kisasa hakikuanza kwa ajili ya watu waliosikia joto. Mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji kilichoko Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu wa hewa ulikuwa ukitanua na kukunja karatasi hata rangi zikawa hazikai mahali pake. Aliyeacha shahada zake kabatini Mombasa akazikuta zimeota kuvu anaielewa shida hiyo vizuri.

Tufanye hesabu. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ambayo si ajabu kwetu, hubeba karibu gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ukitaka chumba kiwe nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, hewa ile inatakiwa ibaki na gramu 13 hivi. Ofisi ya mita 6 kwa 5 yenye dari ya mita 3 ina mita 90 za ujazo. Kwa hiyo kila hewa ya chumba hicho inapobadilika yote, mashine ina karibu lita moja ya maji ya kukamua. Mlango unaofunguliwa na kufungwa kutwa nzima huingiza lita nyingine, na nyingine tena.

Maji hayo hutoka pale tu hewa inapopita taratibu juu ya mabomba baridi ya mashine, kwa muda mrefu. Ukiweka mashine kubwa kupita chumba, itashusha joto kwa dakika chache, itaridhika, itazima. Haikupata muda wa kukamua. Unabaki na chumba baridi chenye kunata, mtu anajifunika shuka huku karatasi zimelegea. Mwenye chumba akiona hivyo hushusha hadi nyuzi 16, ukuta ukaanza kutoa jasho, kuvu ikapata makao. Kwa hivyo "weka kubwa tu upate nafasi" ni ushauri mbaya Miritini kuliko Nairobi.

Kwa sababu hiyo hiyo, jihadhari na zile feni za kutia maji zinazouzwa kama kiyoyozi cha bei nafuu. Hufanya kazi kwa kuongeza maji hewani ili yakikauka yapoze. Mahali pakavu zinafaa. Kwetu hewa imeshashiba, kwa hiyo hazikupi baridi ya maana, zinakuongezea unyevu.

Ramani ya Nairobi haifai Miritini

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa. Jumba la vioo kutoka juu hadi chini linaweza kuvumilika kule. Hapa, Februari na Machi, wakati kaskazi inamalizika, joto la mchana hufika nyuzi 32 na 33, na usiku halishuki sana. Hata Julai, upepo wa kusi ukivuma, mchana huwa nyuzi 28 hivi. Jumba la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, linasifiwa duniani kwa kujipoza kwa hewa ya usiku pasipo viyoyozi vya kawaida. Lakini Harare ni nyanda za juu, usiku wake ni baridi. Usiku wetu hauna baridi ya kutosha kuweka akiba.

Mfano wa kufuata uko karibu zaidi. Wazee wetu walijenga kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu na vichochoro vinavyotupiana kivuli. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa Zanzibar mwaka 1883, ilizungushiwa baraza pana kila ghorofa ili jua lisiguse ukuta wa ndani. Kanuni ni ile ile hadi leo: joto lililozuiwa nje halilipiwi stima.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mashine, simama ndani ya jumba lako uelekee kibla. Sisi wa Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa, kwa hivyo mkono wako wa kushoto ndio magharibi. Ukuta huo hupigwa na jua la alasiri, saa ambazo hewa nayo imeshapata moto. Dirisha kubwa la kioo upande huo ni sawa na kuwasha jiko ofisini. Ukuta wa mbele yako hupata jua miezi ya katikati ya mwaka, na wa nyuma yako hupata jua Desemba na Januari, lakini jua hilo huwa juu sana na kibaraza kifupi hulizuia. La magharibi huja limelala, halizuiwi ila kwa kivuli cha kusimama: ukuta wa matofali yenye matundu, mbao za mlazo, au miti.

Ghorofa ya juu ina adui mwingine, paa. Chini ya mabati matupu hakuna kiyoyozi kinachoshinda kwa bei ya halali. Weka dari, weka kizuia joto juu ya dari, acha upepo upite katikati ya dari na mabati, na paka paa rangi nyeupe. Halafu ziba nyufa za madirisha na tundu lililo chini ya mlango. Waswahili wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa usipoziba ufa utapoza Miritini nzima.

Kupima ukubwa

Nguvu ya kiyoyozi hutajwa kwa BTU kwa saa. BTU 12,000 ndiyo mafundi wanayoiita tani moja, na ni sawa na kilowati 3.5 za kupoza. Kwa hesabu ya awali tu, chumba chenye kivuli na watu wawili kihesabie BTU 500 kwa kila mita ya mraba. Ongeza 600 kwa kila mtu wa ziada. Kila wati ya kompyuta, mashine ya fotokopi au taa huongeza BTU 3.4. Dirisha la magharibi lisilo na kivuli, ongeza angalau asilimia 10.

Tuchukue ile ofisi ya mita 30 za mraba, yenye watu sita na kompyuta kubwa sita za wati 100 kila moja. Chumba ni 15,000. Watu wanne wa ziada ni 2,400. Kompyuta ni 2,000 hivi. Jumla 19,400, na jua la magharibi linaifikisha zaidi ya 21,000. Fundi atakuwekea ya 24,000, na hatakuwa amekosea.

Sasa tia kivuli dirisha lile, na badala ya kompyuta kubwa tumia za mapajani za wati 50. Jumla inashuka hadi kama 18,400, na mashine ya 18,000 iliyo nzuri inatosha. Hatua moja nzima imepungua bila kugusa kiyoyozi. Kwa jumba zima, au ukumbi wa watu wengi, usitegemee hesabu hii. Mlipe mhandisi afanye hesabu kamili ya joto, chumba kwa chumba. Ada yake ni ndogo kuliko mashine moja iliyokosewa.

Aina za mifumo, na nani analipa bili

Kiyoyozi cha dirishani ni rahisi kufunga, lakini kina kelele na huacha nyufa pande zake. Spliti, yenye mashine moja ndani na moja nje, ndiyo ya kawaida yetu, na inafaa duka na ofisi ya chumba kimoja. Spliti nyingi, yaani mashine moja ya nje yenye kulisha mbili tatu za ndani, inafaa pale nafasi ya nje ni finyu. Kasoro yake ni kwamba ile ya nje ikifa, vyumba vyote vinanyamaza. Kaseti hukaa darini na kupuliza pande nne, inafaa ukumbi mpana kama benki au darasa kubwa. Mfumo wa mifereji hupeleka hewa darini kimyakimya, lakini mifereji isiyofunikwa vizuri hutoka jasho na kuozesha dari.

Juu ya hapo kuna VRF, mfumo ulioletwa sokoni na Daikin ya Japani mwaka 1982. Mashine za nje chache hulisha vyumba vingi, na kila chumba hupewa gesi kwa kadiri ya haja yake. Unafaa hoteli, hospitali au makao ya kampuni moja. Mwisho ni mitambo ya kupoza maji, chila, ya majumba makubwa sana. Baadhi ya chila hutumia minara inayopoteza maji mengi kila siku. Mji huu unategemea maji kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mifereji hukauka mara kwa mara, huku maji ya visima vingi yakiwa na chumvi inayokula vyuma. Atakayelazimika kutumia chila huku achague inayopozwa kwa hewa.

Lakini swali linaloamua si la ufundi. Ni hili: nani analipa stima? Jumba la mpangaji mmoja linaweza kufaidika na VRF. Jumba la wapangaji kumi likiwa na mfumo mmoja kwa mita moja, mtazozana kila mwezi: mwenye duka la simu afungaye saa kumi na mbili hatakubali kulipia chuo kinachofundisha hadi usiku. Ama uweke mita ndogo kwa kila mmoja, ama kila mpangaji awe na spliti yake kwenye tokeni zake. Kwa majumba mengi ya Miritini hilo la pili ndilo la salama.

Na ghala je? Ghala la mizigo halipozwi lote. Liwe na matundu juu ya paa ya kutolea hewa ya moto, kizuia joto, na feni kubwa za darini. Kiyoyozi kiwekwe kwenye kijiofisi cha karani, kilichojengwa ndani yake na kuzibwa vizuri. Duka la dawa nalo lina hesabu yake. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, na agizo hilo haliishi duka linapofungwa usiku. Mashine mbili ndogo za kupokezana ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikiharibika Ijumaa jioni dawa haziungui hadi Jumatatu. Insulini na chanjo ni za friji. Kiyoyozi si friji.

Inveta, nyota na gesi

Mashine ya kizamani ina mwendo mmoja: inawaka kwa nguvu zote au inazima. Ya inveta hupunguza mwendo ikaendelea polepole. Kwa Pwani faida yake ni mbili, maana mwendo wa polepole hutumia stima kidogo na huacha maji yakamuliwe.

Tazama lebo ya nyota. Kanuni za Kenya za mwaka 2016 kuhusu matumizi ya umeme ya vifaa zinataka viyoyozi vya vyumba viwe na lebo hiyo, na msimamizi wake ni EPRA. Kisha uliza uwiano wake: kilowati moja ya stima inatoa kilowati ngapi za kupoza? Turudi kwenye ofisi yetu, kwa saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mashine ikifanya kazi kwa wastani wa asilimia 70 ya nguvu zake. Ya BTU 24,000 yenye uwiano wa 2.8 itakula kama yuniti 365. Ya 18,000 yenye uwiano wa 3.8, katika chumba kilichotiwa kivuli, itakula kama 202. Tukiweka shilingi 30 kwa yuniti kwa ajili ya hesabu tu, tofauti ni karibu shilingi 4,900 kwa mwezi, zaidi ya 58,000 kwa mwaka. Yako utaipata kwa kuchukua bili yako ya Kenya Power, ukagawanya jumla ya shilingi kwa yuniti ulizotumia.

Kuhusu gesi, usinunue mashine ya R22, hasa za mitumba. Gesi hiyo hutoboa tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 nchi kama zetu zinaiondoa kufikia 2030. Mashine itabaki, gesi yake itakuwa ya kutafutwa. R410A haidhuru ozoni, lakini huchangia joto la dunia mara 2,088 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito ule ule. R32 ni mara 675. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanazipunguza gesi za namna hii hatua kwa hatua. R32 ndiyo chaguo la busara kwa mashine ndogo sasa, ila hushika moto kwa kiasi, kwa hiyo iguswe na fundi aliyefunzwa.

Chumvi, vumbi, na jirani

Hewa ya chumvi kutoka ghuba ya Port Reitz na ya Tudor hula vile vibati vyembamba vya alumini vya mashine ya nje. Barabarani malori huongeza vumbi na moshi wa dizeli. Dai mashine iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu kiwandani, vyuma vya kushikilia visivyoshika kutu, na uiweke upande usiotazama barabara lakini wenye upepo wa wazi. Ukiisukumia kwenye kijichochoro kisichopumua, itakuwa inavuta tena moto wake wenyewe.

Jirani ana haki yake pia. Hewa ya moto isipulizwe kwenye dirisha la chumba chake, kelele isimkeshe, na maji yasimdondokee mpita njia kichwani. Bomba la maji liwe na mteremko, limwagike kwenye pipa. Maji hayo hayafai kunywa, lakini yanapiga deki na kumwagilia maua, na katika mji wenye shida ya maji si haba.

Jambo jingine: spliti haileti hewa mpya, inazungusha ile ile. Darasa la watu thelathini lililofungwa kutwa litakuwa baridi na zito, na kikohozi cha mmoja kitakuwa cha wote. Weka feni ya kuingiza hewa safi kwa kipimo, na uiingize katika hesabu ya ukubwa tangu mwanzo.

Kufunga na kutunza

Kila mashine iwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye bodi, kazi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, na iwekwe kinga ya stima inayopanda na kushuka. Kuchomeka viyoyozi viwili kwenye soketi moja ni njia ya moto. Kwa mwenye uwezo, sola inafaana sana na kiyoyozi cha ofisi, kwa kuwa jua linapokuwa kali ndipo mashine inapohitaji stima zaidi.

Kichujio cha ndani kioshwe kila wiki mbili hadi nne, na mashine ya nje iogeshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila miezi mitatu. Thamostati iwekwe 24 au 25. India iliagiza kwamba tangu Januari 2020 viyoyozi vya vyumba vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24, na joto la India si dogo. Na fundi akikuambia kila baada ya miezi michache kwamba "gesi imekwisha", mwulize imekwenda wapi. Gesi si petroli, hailiwi. Ikipungua, pana tundu. Tundu lisipozibwa unalipia hewa. Andika kila ziara yake, tarehe na alichofanya, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa mwenye jumba anayejenga sasa

Hata kama huna nia ya kununua kiyoyozi hata kimoja, waandalie wapangaji wako. Acha matundu ya mabomba ukutani, bomba la pamoja la maji, mahali pa mashine za nje kila ghorofa, na waya wa kila chumba kutoka kwenye bodi. Gharama yake wakati wa kujenga ni ndogo. Usipofanya hivyo, kila mpangaji atatoboa apendavyo, maji yatashuka ukutani, na baada ya miaka mitano utapaka rangi jumba zima.

Halafu andika katika mkataba wa kupanga: mashine ni ya nani, nani anaitengeneza, na mpangaji akihama anaing'oa au anaiacha. Wengi hukumbuka maneno hayo siku ya kuhama, ukuta una tundu na kila mmoja anamtazama mwenziwe. Yaandikwe siku ya kukabidhiana ufunguo.